Mita Sitini za Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hushuka kwa takriban kilomita 35 kuelekea kaskazini-mashariki na kuingia Bahari ya Hindi chini ya Daraja la Salenda, jijini Dar es Salaam. Njiani hupokea maji ya vijito kadhaa, kimojawapo kikiwa Mto Ng'ombe unaotoka upande wa Sinza. Eneo zima linalomwaga maji humo linakaribia kilomita za mraba 290, na sehemu yake kubwa sasa ni mitaa iliyojengwa. Miezi mingi ya mwaka mtu mzima huuvuka mto huu kwa kukunja suruali. Masika na vuli zikipamba moto, hupanda kwa saa chache tu, kwa sababu maji yanayoshuka kutoka kwenye mabati na lami hayana udongo wa kuyanywa. Bonde la chini, kuanzia Kigogo hadi Salenda, ni pana na tambarare, na usawa wake ni mita chache tu juu ya bahari. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji ya mto hukosa pa kwenda na kutandaa hadi milangoni mwa watu.

Bonde hili limechorewa mipaka mara nyingi kuliko pengine popote mjini. Kila kizazi cha wapimaji kimeweka mstari wake: huku kujengwe, kule kusijengwe. Kila kizazi cha wakazi nacho kimekuwa na mipaka yake, iliyoandikwa katika hati za mauziano na kukumbukwa kwa minazi na misingi ya nyumba. Ramani hizi mbili hazikuwahi kufanana, na katika pengo lililo baina yao ndimo yalimozaliwa mabishano yote ya wakazi wa mabondeni na serikali.

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 ulikaa kusini mwa bonde, kando ya bandari. Wajerumani walipohamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba: za mawe hapa, za miti na udongo kule. Msimbazi ulikuwa nje ya hesabu hiyo, mahali pa minazi, mpunga na mbu. Waingereza waliowafuata ndio walioanza kuuvuka kwa dhati. Mwishoni mwa miaka ya 1920 lilijengwa daraja kwenye mdomo wa mto, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wa Tanganyika, nalo likafungua njia ya kwenda Oyster Bay, kitongoji cha Wazungu. Wenyeji walilitamka Salenda, na hivyo ndivyo linavyoitwa mpaka leo, ingawa daraja lililopo ni la miaka ya 1980. Kwa historia ya mafuriko, kilicho muhimu zaidi ya daraja ni tuta lililoliunganisha na nchi kavu. Lilikuwa la kwanza kati ya matuta kadhaa ya barabara yaliyokatiza bonde kwa miongo iliyofuata, kila moja likiyapa maji tundu dogo la kupitia mahali ambapo zamani yalitandaa kwa upana wa bonde zima.

Mpango mkuu wa kwanza wa jiji ulitayarishwa mwaka 1949 na kampuni ya wahandisi ya Uingereza, Sir Alexander Gibb & Partners. Uligawa mji kwa msongamano wa makazi, mdogo, wa kati na mkubwa, mgawanyo ambao kwa vitendo ulikuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mabonde ya mito yaliachwa wazi yawe njia za upepo kutoka baharini na pia mipaka kati ya sehemu hizo. Nafasi iliyolindwa dhidi ya nyumba ilikuwa nafasi hiyohiyo iliyotenganisha watu kwa rangi, na si rahisi kusema ni lipi kati ya hayo mawili lililomshughulisha zaidi mchoraji. Kwa vyovyote vile, mtu aliyeishi Magomeni au Ilala alijifunza mapema kwamba ardhi tupu ya bondeni ilikuwa mali ya serikali ambayo serikali yenyewe haikuishi humo wala kuilima.

Baada ya uhuru mambo mawili yalikwenda kwa pamoja. Mwaka 1963 umilikaji binafsi wa ardhi wa aina ya kudumu ulifutwa, ardhi yote ikawa ya umma chini ya Rais, na alichobaki nacho mtu ni haki ya kuitumia pamoja na thamani ya alichokiendeleza juu yake. Wakati huohuo watu walianza kumiminika mjini. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi 272,821 Dar es Salaam. Ya 1978 ilihesabu 843,090. Mpango mkuu wa pili, wa 1968, na wa tatu, wa 1979, yote miwili ilitayarishwa na kampuni za Kanada, na yote iliutazama uwanda wa Msimbazi kama mahali pasipofaa makazi. Ule wa 1979 ulisema waziwazi kuwa bonde ni ardhi hatarishi, lakini kufikia wakati huo ulikuwa unachora juu ya nyumba za watu.

Sababu mojawapo ni ya kiutawala, na haisemwi vya kutosha. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, chini ya sera ya madaraka mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa. Zilirejeshwa mwaka 1978. Kwa hiyo katika miaka ambayo Dar es Salaam ilikua kwa kasi kuliko wakati wowote kabla yake, jiji halikuwa na halmashauri ya kulinda mpango wake. Viwanja vilivyopimwa, vikiwemo vile vya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia huko Sinza na Kijitonyama, havikukidhi hata sehemu ya mahitaji. Aliyekosa kiwanja cha serikali alinunua cha mtu.

Ununuzi huo ulikuwa na utaratibu wake, wala haukuwa uvamizi kama ulivyokuja kuitwa baadaye. Mwenye shamba la minazi au bustani ya mchicha alikata kipande, bei ikapatanwa, hatua zikahesabiwa kwa miguu, na karatasi ikaandikwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Baadaye, ofisi ya serikali ya mtaa ilipochukua nafasi ya mjumbe katika mauziano, muhuri wake ulianza kutakiwa, pamoja na asilimia kumi ya bei kama ilivyozoeleka. Hati ya namna hiyo haikuwa na namba ya kitalu wala ramani, lakini ilikuwa na majirani wanne na mashahidi, na mtaani ilitosha kuuzia, kurithisha na hata kukopea. Bei nayo ilijua maji yanapofika: kipande cha chini kabisa, karibu na mto, kilikuwa cha bei nafuu, na mnunuzi alijua kwa nini. Hivyo ndivyo Hananasif, Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna na sehemu za Vingunguti zilivyojaa kuelekea mtoni, nyumba za kwanza zikiwa juu ya mwinuko na za mwisho zikiwa majini.

Jiji lenyewe nalo lilikuwa mtumiaji wa bonde. Vingunguti kulijengwa mabwawa ya kusafishia majitaka, na machinjio ya jiji yapo hukohuko. Taka za mji zilimwagwa Tabata mpaka wakazi walipoishtaki Halmashauri ya Jiji; mwaka 1988 Mahakama Kuu iliwapa ushindi na kuamuru dampo lihamishwe. Halmashauri iliomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena, na hatimaye dampo likahamia Vingunguti, yaani kutoka sehemu moja ya bonde la Msimbazi kwenda sehemu nyingine ya bonde hilohilo. Kesi hiyo hutajwa katika masomo ya sheria kama chanzo cha haki ya mazingira Tanzania. Kwa wakazi wa bondeni ilikuwa na somo jingine pia: mpango wa jiji unaweza kupingwa mahakamani, na mwananchi akashinda.

Mtazamo wa serikali kuhusu makazi haya haukuwa mmoja. Idara moja iliyaona kuwa haramu wakati nyingine ikiyapelekea huduma. Katika miaka ya 1990 Hananasif ilikuwa mfano wa kusifiwa wa uboreshaji shirikishi: kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakazi walichimba na kujenga mitaro ya mvua wenyewe kwa mikataba ya malipo, na mitaa iliyokuwa ikituama maji ikapitika. Miaka hiyohiyo Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ulioanza 1992, uliweka ardhi hatarishi na maeneo ya wazi miongoni mwa masuala makuu ya jiji. Umeme ulifika, mabomba yalifika, kodi ya majengo ikatozwa. Mwaka 2004 ilianzishwa leseni ya makazi, hati ya muda iliyowapa wakazi wa maeneo yasiyopimwa kitambulisho cha umiliki. Kwa utaratibu haikupaswa kutolewa kwenye ardhi hatarishi, lakini kwa mwenye nyumba stakabadhi ni stakabadhi: ofisi iliyopokea kodi yake ilikuwa imekiri kwamba nyumba yake ipo.

Mto pia ulikuwa mpaka. Jiji lilipogawanywa mwaka 2000 katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, sehemu ndefu ya Msimbazi ilitenganisha Ilala na Kinondoni. Mafuriko yalikuwa ya zote mbili, lakini kuchimba mchanga uliojaa mtoni kulikuwa kazi ya ile nyingine daima.

Sheria mbili ndizo zilizoupa mstari wa bondeni kipimo chake maarufu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, iliorodhesha ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi, ikiwemo ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ikaweka hatua ambazo waziri anapaswa kufuata kabla ya tangazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ilienda mbali zaidi: shughuli za kudumu za binadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe au bwawa. Tofauti kati ya vifungu hivi inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyobeba kesi. Cha kwanza kinadai utaratibu, yaani tangazo, taarifa na kusikilizwa. Cha pili kinasomeka kama katazo lililokwisha kutolewa. Maofisa wa mazingira walikipenda cha pili. Wanasheria wa wakazi walikipenda cha kwanza, na waliuliza swali jingine: nyumba iliyojengwa mwaka 1980 ilivunja vipi sheria ya 2004?

Mita 60 zina kasoro ambayo hata mwenye nia njema hawezi kuikwepa. Si kipimo cha mafuriko. Ni urefu wa kamba. Jangwani, ambako bonde ni pana, mtu anaweza kuishi mita 200 kutoka mtoni na bado akalala juu ya meza usiku wa mvua. Tabata au Kinyerezi, ambako mto umechimba kingo zenye kina, nyumba iliyo mita 40 juu ya genge huenda isione maji kabisa, ingawa inaweza kuanguka pamoja na genge lenyewe. Isitoshe, ukingo huhama. Msimbazi unapomega upande mmoja na kumwaga mchanga upande wa pili, mwenye kiwanja aliyekuwa nje ya mita 60 hujikuta ndani bila kusogeza tofali. Sheria ilitoa mstari rahisi kutekelezwa kwa tepu, na wepesi huo ndio ulioipendeza serikali.

Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011, wiki mbili tu baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, zilionyesha mahali maji yanapofika kwa kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilizitaja kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu walihifadhiwa katika shule, na bonde zima la chini lilikuwa ziwa. Rais Jakaya Kikwete alitembelea walioathirika, na serikali ikaamua kuwahamishia Mabwepande, kaskazini-magharibi mwa wilaya ya Kinondoni, ambako mamia ya kaya yalipewa viwanja na mahema ya kuanzia maisha.

Mabwepande ilikuwa mbali na kila kitu ambacho mkazi wa Jangwani alikitegemea: Kariakoo ya biashara ndogondogo, Muhimbili ya matibabu, kibarua cha kuamkia kwa miguu. Baadhi walijenga na kubaki. Wengine waliuza viwanja na kurudi bondeni, au waliacha familia kule na wao kulala mjini. Kulikuwa na jambo jingine lililoharibu hesabu. Nyumba nyingi za bondeni zilikuwa za vyumba vya kupanga, kaya nne au sita chini ya paa moja. Kiwanja kilikuwa cha nani, mwenye nyumba ambaye huenda alikuwa akiishi Mbezi, au mpangaji aliyesombewa godoro? Ramani ya mafuriko huhesabu majengo, na hesabu ya majengo daima humpendelea mwenye jengo.

Miaka minne baadaye njia iliyochukuliwa ilikuwa kali zaidi. Desemba 2015, wiki chache baada ya serikali ya awamu ya tano kuingia madarakani, Wizara ya Ardhi chini ya waziri William Lukuvi, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na manispaa walianza bomoabomoa bondeni. Kabla ya katapila ilitangulia rangi: alama nyekundu ya X ukutani. Kwa miaka mingi X hiyo imekuwa ramani pekee ya mafuriko ambayo mkazi wa kawaida alionyeshwa, nayo ilichorwa juu ya nyumba yake badala ya karatasi. Mamia ya nyumba yalianguka Mkwajuni, Hananasif na Jangwani. Baadhi ya waliobomolewa walidai kuwa na hati, leseni za makazi na stakabadhi za kodi. Kazi ilisitishwa kwa muda wakati wa sikukuu, na mapema 2016 Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, ilizuia kwa muda nyumba za mamia ya wakazi waliofungua shauri zisiguswe. Zilizobaki na X ziliendelea kukaliwa, kupangishwa na, kwa bei iliyopungua, kuuzwa.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari, na karakana yao kuu ilikuwa Jangwani, katikati ya uwanda wa mafuriko, ikiwa imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia mahali ambapo wananchi waliambiwa kwamba hapafai ujenzi. Karakana ilifurika mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Mabasi yaliharibika na huduma kati ya Magomeni na Jangwani ilisimamishwa kila Barabara ya Morogoro ilipofunikwa. Wakazi hawakukosa kulitumia jambo hilo katika hoja zao. Si wao tu waliokuwa na majengo pale: klabu ya Yanga, inayoitwa Wana Jangwani kwa sababu ya makao yake, imekuwa ikitazama uwanja wake wa Kaunda ukigeuka bwawa, huku watani wao Simba, Wekundu wa Msimbazi, wakiwa salama Kariakoo kwenye mtaa unaobeba jina la mto bila maji yake.

Ramani ya mafuriko kwa maana ya kitaalamu ilikuja ikiwa imechelewa sana ikilinganishwa na mipango hii yote. Ilihitaji kwanza kujua nini kipo ardhini, na jiji halikuwa na picha hiyo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ulioziunganisha taasisi kama Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa walipita Tandale, Kigogo, Mchikichini na kata nyingine wakichora kila nyumba, njia na mtaro katika ramani huria ya OpenStreetMap, huku droni zikipiga picha kutoka juu. Waliuliza pia: maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi? Wajumbe na wazee wa mtaa walionyesha, na kumbukumbu zao zikawa alama za kupimia ramani za kompyuta. Inafaa kusisitiza hapa kwamba mjumbe, aliyewahi kushuhudia mauziano ya viwanja hivi, sasa alikuwa shahidi wa maji juu ya viwanja hivyohivyo. Alijua yote mawili tangu mwanzo.

Ramani ya namna hii hutengenezwa kwa kuunganisha takwimu za mvua, mwinuko wa ardhi, upana wa mto na vizuizi kama madaraja, kisha kukokotoa maji yatatandaa wapi kwa mvua ya kiwango fulani. Viwango hutajwa kwa miaka: mafuriko ya miaka 10, ya miaka 50, ya miaka 100. Usemi huo huwapotosha wengi, wenye nyumba na madiwani kwa pamoja. Mafuriko ya miaka 100 hayasubiri karne; ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 katika kila mwaka, na nyumba iliyo ndani ya mstari huo ikikaliwa kwa miaka 30 ina uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kuyaona angalau mara moja. Mstari wenyewe pia haudumu. Pugu na Kinyerezi vikijengwa, mchanga ukijaa chini ya daraja la Jangwani, au data bora za mwinuko zikipatikana, ramani hubadilika, na aliyekuwa nje huingia bila kosa lake. Wapimaji huliona jambo hilo kuwa la kawaida. Mwenye hati iliyotolewa kwa ramani ya zamani huliona kama serikali iliyobadili neno.

Mafuriko ya Aprili 2018 yaliharakisha mambo. Utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria baadaye kuwa kaya za jiji zilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 100 katika tukio hilo moja. Mwaka huohuo, chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), wataalamu, maofisa wa manispaa na wawakilishi wa wakazi walikalishwa pamoja katika mfululizo wa vikao vya kupanga bonde kuanzia vyanzo hadi baharini. Matokeo yake yalikuwa mpango uliochapishwa 2019. Kwa mara ya kwanza mstari haukuwa mita 60 kila mahali. Bonde la chini lilipangiwa kupanuliwa na kuchimbwa mto wake, kunyanyuliwa kingo kwa udongo huo, na kuachwa bustani ya jiji ya takriban hekta 400 ambayo ingeruhusiwa kufurika. Mchanga ungezuiwa juu, miti ingepandwa, na Barabara ya Morogoro ingepewa daraja refu na la juu zaidi badala ya tuta.

Fedha zilipatikana 2022, karibu dola milioni 260, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Dunia na zilizobaki kutoka Uholanzi na Hispania, na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ukapewa utekelezaji. Kwa masharti ya mkopo huo, kumwondoa mtu bila malipo hakukuwezekana tena, awe na hati au asiwe nayo. Hapo ndipo wathamini walipochukua nafasi ya katapila. Walipita nyumba kwa nyumba kuanzia bonde la chini, wakapima kuta, wakahesabu vyumba, wakawapiga picha wamiliki mlangoni.

Ubishi ulihamia kwenye neno moja la hesabu: ardhi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mtu anayeondolewa alipwe thamani ya ardhi na ya maendelezo, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri, na pango la hadi miezi 36. Serikali ilishikilia kuwa ndani ya uwanda wa mafuriko hakuna ardhi ya kulipwa, kwani ardhi hatarishi haikuweza kumilikiwa. Ingelipwa nyumba tu. Wakazi walijibu kuwa waliinunua ardhi hiyo mbele ya mashahidi wa serikali yenyewe, na kwamba bei ya vyumba viwili vya matofali haikutosha kununua hata kiwanja Chanika. Baada ya malalamiko na mikutano mingi, serikali ilikubali kuongeza malipo ya mkupuo kwa ajili ya ardhi. Kisheria hilo halikuwa kukiri umiliki, ila katika mazungumzo ya mtaani lilieleweka hivyo. Maelfu ya majengo yaliingizwa katika daftari la wanaolipwa. Wengi waliolipwa walibomoa wenyewe, kwa sababu mabati, milango, nondo na matofali mazima vilikuwa na wanunuzi, na mwenye nyumba alitaka kuondoka navyo.

Wapangaji walipata kidogo zaidi, na wenye mashauri ya mirathi walipata kwa kuchelewa. Nyumba iliyojengwa na babu aliyekufa miaka ya 1990 bila kugawa mali ilihitaji msimamizi wa mirathi kabla ya hundi kuandikwa, na mahakama za mwanzo za jiji zikajaa familia zilizokuwa zimeishi pamoja kwa amani ilimradi nyumba haikuwa na bei.

Mradi unashughulikia zaidi bonde la chini. Juu ya hapo, kuanzia Vingunguti na Tabata kwenda Segerea, Kinyerezi na Pugu, mto unaendelea kumega kingo na kubeba viwanja, choo kimoja leo, ukuta wa sebule mwakani. Huko hakuna mthamini aliyepita nyumba hadi nyumba, na sheria inayotumika ni ileile ya mita 60. Wenye nyumba wa kingoni hupanga magunia ya mchanga, hujenga kuta za mawe kwa gharama zao na kupanda mianzi. Ofisi za mitaa zinaendelea kutia muhuri hati za mauziano ya viwanja vinavyotazama mto, na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia malipo ya umeme wa LUKU, hukatwa pande zote mbili za mstari.